Kuuza khati na nakshi zako kwa njia ya intaneti

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu wanafunzi na wazazi wetu, suali tuliloulizwa sana mwaka huu na wanafunzi wa madarasa ya juu si la tajwidi wala la mirathi. Ni hili: je, inafaa kuchora khati au nakshi, kuiweka kwenye intaneti na kuiuza kwa watu wakaichapishe wenyewe majumbani mwao? Wengine hawakuuliza mpaka walipokuwa wameshauza. Tumeona bora tuyaandike hapa tunayoyajua, ya dini na ya kazi yenyewe, pamoja na kosa moja tulilolifanya sisi walimu wenu, ili lisirudiwe.

Kwanza tuieleze biashara hii, kwani wazazi wengi wanapoambiwa kijana "anauza picha kwenye simu" huingiwa na wasiwasi, na wana haki. Mchoraji huchora kazi yake mara moja. Huigeuza ikawa faili la kompyuta na kuliweka katika duka la intaneti pamoja na bei na maelezo. Mnunuzi hulipa, hulipakua faili, kisha hulichapisha kwa printa yake au hulipeleka kwenye duka la kuchapisha. Hapana karatasi inayosafirishwa wala kifurushi cha posta. Akija mnunuzi wa pili, faili ni lile lile. Duka mashuhuri la namna hii ni Etsy, lililoanzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn, New York, kwa ajili ya vitu vilivyofanywa kwa mikono. Siku hizi huuzwa humo pia michoro ya kuchapisha, na miongoni mwayo khati za Kiarabu ni nyingi mno.

Sasa tuje kwenye hukumu. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamwambia kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsikilizisha makemeo aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya wanaotengeneza picha, na yule mtu akataharuki, rangi ikamgeuka. Ndipo akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na vitu visivyokuwa na roho. Tazameni ulivyo mpole mwongozo huu: hakuambiwa akafe njaa, aliambiwa abadilishe anachochora. Wanavyuoni wa zama zetu wana maneno mengi juu ya picha za kamera na mengineyo, nasi hatuyaingii hapa. Mwanafunzi wetu anayo maua, majani, mashua, milango ya Mji Mkongwe, nakshi za vito vya kofia na herufi. Hayo hayamalizi umri wake.

Kuhusu aya za Qur'ani, iko khabari ambayo wauzaji wengi hawaijui au wanaifumbia macho. Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika kitabu chake At-Tibyan kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii ni makruhu kunakshi kuta na nguo kwa Qur'ani na kwa majina ya Allah. Watu wetu wametundika aya majumbani tangu zamani, na mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe tangu mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kwa hiyo hatusemi kuwa aliyetundika aya kapata dhambi. Tunasema kuwa anayeanza asianze na aya. Faili la aya ukishaliuza hulioni tena. Hujui litachapishwa kwenye karatasi ya ukutani au kwenye zulia la mlangoni, na karatasi iliyochapwa vibaya hujui itatupwa wapi.

Kosa letu lenyewe lilikuwa hili. Binti mmoja wa darasa letu la juu ana mkono mzuri wa Thuluth. Aliandika kwa kalamu ya mwanzi ile dua ya kuomba kuzidishiwa elimu, iliyomo katika Suratu Twaha aya ya 114. Tukaikagua sote juu ya karatasi, herufi kwa herufi, tukairidhia. Akaipiga picha, akaisafisha kwenye kompyuta, kaka yake aliyeko Uingereza akaiweka katika duka walilolifungua kwa jina lake huyo kaka, kwa pauni 3. Kwa muda wa wiki tano zikauzwa nakala tisa. Nyumbani walifurahi, wakachapisha moja wakaitundika barazani.

Siku ya pili bibi yake, ambaye macho yake ni mabovu lakini Qur'ani anayo kifuani, akaisogelea miwani mkononi, akasema: "Mwanangu, wewe wataka kurudishwa wapi?" Wakadhani anatania. Akaonyesha kwa kidole. Zay haikuwa na nukta yake. Bila ya nukta ile herufi ni ra, na neno la "nizidishie" linageuka kuwa "nirudishe". Juu ya karatasi ya asili nukta ilikuwapo. Iliondoka wakati wa kusafisha: programu ina amri ya kuondoa chembechembe za vumbi kwenye picha, na kwa programu nukta ndogo pembeni ya herufi ni chembe kama chembe nyingine. Sisi tulikagua karatasi, hatukukagua faili.

Lililofuata lilikuwa zito kwa yule binti, kwa sababu fedha zile alikuwa ameshazitia kwenye ada ya mtihani wake wa skuli. Alituuliza kama inatosha kulisahihisha faili la dukani na kunyamaza, kwani hapana mnunuzi aliyelalamika. Tulimjibu kuwa katika fiqhi iko khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kwenye bidhaa kasoro iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa, ana haki ya kuirudisha na kupewa fedha zake, na muuzaji anayeijua kasoro hana ruhusa ya kuificha. Kunyamaza kwa mnunuzi asiyejua hakumwondolei haki yake. Basi kaka yake akawaandikia wote tisa, akawaeleza kosa, akawaomba wasiitundike nakala ile, akawapa hiari ya kuchukua faili lililosahihishwa au kurudishiwa fedha. Sita walichukua faili jipya. Wawili walitaka fedha zao wakapewa. Mmoja hakujibu mpaka leo. Pauni 6 zilizorudishwa tulizitoa sisi walimu, kwa kuwa ukaguzi ulikuwa dhamana yetu. Wapo waliotuona tumezidisha ukali kwa jambo la nukta. Hatukukubaliana nao.

Kutokana na kisa hicho tuna utaratibu sasa, nao ni kukagua mara tatu: karatasi ya mkono, kisha faili kwenye kioo cha kompyuta likiwa limekuzwa, kisha karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye faili hilo. Ukaguzi wa mwisho afanye mtu mwingine ambaye hakuandika. Jicho la mwandishi husoma alichokusudia kuandika.

Sasa kazi yenyewe. Wanaoandika kwa mkono tunawaombea waendelee hivyo, kwani mkono wako ndio bidhaa yako. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 328 Hijria, ndiye anayejulikana kwa kuzipa herufi vipimo kwa nukta ya kalamu, ukajua alifu ina urefu wa nukta ngapi na duara la nuni lina upana gani. Aliyejifunza kupima hivyo huonekana mara moja mbele ya aliyenakili tu. Lakini iko njia ya kutumia kompyuta tangu mwanzo, na hapo jihadharini na programu ambazo hazikutengenezwa kwa Kiarabu. Ukiandika humo, herufi hukatika mojamoja na neno huanza kushoto. Asiyejua Kiarabu huiona ni pambo zuri, akaliuza. Programu za bure za Inkscape na GIMP zinatosha kwa mwanafunzi, hapana haja ya kununua za ghali, wala hapana udhuru wa kutumia za wizi.

Jambo la kwanza la kujifunza ni ukubwa wa faili. Wachapishaji huhesabu nukta kwa inchi, na kipimo cha kazi safi ni nukta 300 kwa kila inchi moja. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, kwa hiyo faili lake linatakiwa liwe na pikseli 2480 kwa 3508. La A3 ni pikseli 3508 kwa 4961. Ukichukua picha ndogo iliyopita kwenye WhatsApp ukaikuza mpaka A3, kingo za herufi hutoka ngazingazi kama meno ya msumeno. Tumieni skana. Maduka ya fotokopi mengi wanayo. Simu nzuri inaweza kuwa na pikseli za kutosha, lakini picha hupinda pembeni na kivuli cha mkono huingia bila ya kujua, na ni kule kukifuta kivuli ndiko kunakofuta na nukta.

Jambo la pili ni umbo. Karatasi za A zote zina uwiano mmoja, hivyo kazi ya A4 huingia A3 au A5 bila ya kukatwa. Wamarekani wana vipimo vyao: karatasi yao ya kawaida ni inchi 8.5 kwa 11, na fremu yao inayopendwa ni inchi 8 kwa 10. Mtu akiijaza fremu hiyo kwa kazi yenye umbo la A4, zaidi ya inchi moja ya urefu hukatwa. Ikiwa pale pembeni pana ua, limekatika ua. Ikiwa pana neno, mambo ni mengine. Basi acheni nafasi pana pembezoni, au tengenezeni faili la pili lenye umbo lile. Na rangi mnayoiona kwenye kioo siyo itakayotoka kwenye karatasi: kioo kinatoa mwanga, wino hautoi. Buluu inayong'ara hutoka imefifia. Chapisheni moja kwanza, hata kama ni ya shilingi mia chache steshenari.

Tumeulizwa ni kitu gani kinafaa kuuzwa na anayeanza. Sisi tunaona kadi za herufi za Kiarabu kwa watoto ni bora kuliko vyote. Zina manufaa, na kosa likitokea ni dogo. Nakshi za kupaka rangi pia, na jedwali la kuhesabu siku za kufunga kwa watoto wadogo. Ila katika jedwali msiweke tarehe za kuanza Ramadhani kwa uhakika, kwa sababu mwezi huandama na watu hutofautiana, wala msiweke nyakati za swala. Nyakati za Unguja hazimfai mtu wa London, na mtoto wa watu anaweza kufuturu jua lipo. Acheni nafasi tupu, kila mzazi ajaze za mji wake.

Majina ya watoto yaliyoandikwa kwa khati nayo yanapendwa. Hiyo lakini ni kazi ya kuagizwa: mnakubaliana kwanza maneno, ukubwa, siku ya kumaliza na ujira, kisha ndipo unaandika. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza kitu asichokuwa nacho. Kuonyesha dukani kazi ya mwenzako, ukapokea fedha, kisha ukaanza kumtafuta akuuzie, kunaingia moja kwa moja humo.

Na maelezo ya dukani yawe wazi. Mtindo wa maduka hayo ni kuonyesha mchoro ukiwa ndani ya fremu ya dhahabu juu ya kochi la kifahari, na mnunuzi mgeni hudhani ataletewa fremu. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevunyevu ndani, alimlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Basi na nyinyi wekeni juu: andikeni katika mstari wa kwanza kwamba hili ni faili tu, hapana karatasi wala fremu, rangi huenda zikatofautiana kidogo, na kwamba unauza ruhusa ya kuchapisha kwa matumizi ya nyumbani, si ruhusa ya kuchapisha mia na kwenda kuuza sokoni.

Kwa neno hilo la ruhusa tunaingia kwenye haki za wengine. Wapo vijana wanaodhani kilichomo kwenye intaneti hakina mwenyewe. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988, na katika azimio namba 43 likapitisha kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara zina thamani ya mali, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzidhulumu. Wala si jambo geni pwani yetu: mama zenu wanazijua kanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla" kutoka Mombasa, na huangalia chapa kabla ya kununua. Hata mwandiko wa kompyuta una mwenyewe. Mwandiko uitwao Amiri, alioutengeneza Khaled Hosny, umetolewa kwa leseni huria na unaruhusiwa katika kazi za kuuza. Mingine mingi ni ya kusomea tu au ya kulipia, basi someni masharti yake.

Michoro inayotolewa na akili mnemba nayo imezagaa. Tumeletewa moja na mwanafunzi, "aya" nzuri ya rangi ya dhahabu, tukakaa walimu watatu kuisoma tukashindwa. Haikuwa lugha. Mashine ilichora umbo linalofanana na herufi. Kuuza kitu kama hicho kwa Muislamu asiyejua kusoma, akakitundika akidhani ni maneno ya Mola wake, tunaliona ni jambo kubwa.

Kuhusu akaunti na fedha tutafupisha, kwa kuwa masharti hubadilika. Chini ya miaka 18 haruhusiwi kumiliki duka Etsy. Akaunti iwe ya mzazi au mlezi, naye ndiye mwenye dhamana. Kabla ya kuchora hata mstari mmoja, angalieni kama duka mnalolitaka linawalipa watu wa nchi yenu, kwani si nchi zote wanazozilipa. Anayetumia jina la ndugu aliyeko ng'ambo ajue kuwa huo ni wakala: mwandikiane nani ana nini, ndugu ana ujira au anasaidia, na fedha zitafika lini. Undugu mwingi umeingia doa kwa pauni chache ambazo hazikuandikwa. Etsy hutoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa inayowekwa, kwa muda wa miezi minne, na ikiuzwa ikiwekwa upya hutozwa tena. Juu yake hukata asilimia 6.5 ya bei. Kazi ya dola 4 inaondokewa na senti 46 kabla ya gharama za kupokea malipo. Anayeuza kwa jamaa na majirani hana haja na yote hayo: mnunuzi analipa kwa simu, faili linatumwa kwa barua pepe, yamekwisha.

Muulizaji mmoja alitaka kujua hali ya duka linalojiuza lenyewe wakati yeye yuko kwenye khutba ya Ijumaa. Tulilipeleka suali kwa sheikh wetu. Akasema kilichokatazwa ni kushughulika na biashara ukaacha kuiendea swala, na aliyekaa msikitini akasikiliza hakushughulika. Kisha akamuuliza yule kijana kama simu yake huwa imezimwa msikitini. Kijana akacheka.

Kazi za wanafunzi tunazikagua kila Alkhamisi baada ya swala ya Alasiri, katika chumba cha maktaba. Yule bibi amekubali kuja, akipata wa kumshika mkono. Anayetaka kukaguliwa aje na karatasi ya asili na nakala iliyochapishwa kutoka kwenye faili la mwisho, si picha iliyomo kwenye simu. Aya hatuzipokei kwa mwaka huu.